Nyuzi za Kaboni: Imara kwa Upande Upi?

Mnamo Juni 18, 2023, chombo cha kuzamia kiitwacho Titan kilipondwa na shinikizo la maji katika Atlantiki ya Kaskazini kikiwa kinashuka kwenda kwenye mabaki ya meli ya Titanic. Watu wote watano waliokuwamo walikufa. Sehemu kubwa ya kiunzi chake ilikuwa bomba nene la nyuzi za kaboni. Wiki hiyohiyo ndege za Boeing 787, ambazo nusu ya uzito wa kiunzi chake ni vifaa vya jamii hiyohiyo, ziliendelea kupaa kutoka Nairobi na Addis Ababa zikiwa na abiria wake, na hakuna aliyeshtuka.

Tangu hapo ubishi haujatulia. Wapo wanaorudia kauli ya matangazo kwamba kaboni ina nguvu mara kadhaa kuliko chuma. Wapo wanaowajibu kwamba ni plastiki tu yenye jina kubwa, na kwamba Titan ndiyo ushahidi. Mitaani nako mambo yamevurugika zaidi: stika nyeusi yenye mchoro wa msuko hubandikwa kwenye boneti ya gari au tangi la pikipiki, na muuzaji anaiita kaboni bila kupepesa macho. Ukiiondoa stika, kila upande una ukweli wake. Tatizo ni kwamba wote wanabishania swali lisilokamilika. Huwezi kusema kitu hiki kimeishinda chuma au kimeshindwa mpaka uambiwe mzigo unatoka wapi na unaelekea wapi.

Uzi wenyewe

Uzi mmoja wa kaboni una kipenyo cha mikromita 5 hadi 10, yaani ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu kwa karibu mara kumi. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni kaboni, elementi ileile iliyo katika makaa, almasi na ncha ya penseli. Kinachotofautisha vitu hivyo ni mpangilio wa atomi.

Katika grafiti, ambayo ndiyo ncha ya penseli, kila atomi ya kaboni imeungana na jirani zake watatu, zikafanya pembesita zinazopangana kuwa tabaka bapa. Viungo vilivyo ndani ya tabaka ni miongoni mwa vilivyo imara kabisa katika kemia. Kati ya tabaka na tabaka, kinyume chake, ushikamano ni hafifu mno. Ndiyo maana penseli huandika, kwa kuwa matabaka huteleza na kubaki kwenye karatasi. Uzi wa kaboni umejengwa kwa matabaka ya aina hiyo, ila humo yamelazwa kufuata urefu wa uzi, tena yamekunjamana na kukabana hata hayawezi kuteleza kwa urahisi. Ukiuvuta uzi kwa urefu wake, unashindana na vile viungo imara. Ukiuminya au kuupinda, unashindana na kitu kingine kabisa. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha sifa zake zote na lawama zake zote.

Tanuri linavyoufanya mweusi

Sehemu kubwa ya nyuzi za kaboni duniani, zaidi ya asilimia 90, hutokana na polima iitwayo poliakrilonitrili, ndugu wa nyuzi za akriliki zinazofumiwa masweta. Kila kiungo cha mnyororo wake kina atomi tatu za kaboni, tatu za haidrojeni na moja ya naitrojeni, kwa hiyo kaboni ni asilimia 68 ya uzito. Kazi ya kiwanda ni kufukuza vingine vyote bila kuivunja mifupa ya kaboni.

Nyuzi huingia tanuri la kwanza zikiwa nyeupe. Humo kuna hewa ya kawaida na joto la nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi. Kadiri zinavyosonga mbele hugeuka manjano, kisha kahawia, hatimaye nyeusi tii. Rangi hiyo inaonyesha kinachotokea ndani: minyororo mirefu inajikunja na kujiunga kuwa kama ngazi, umbo lisiloyeyuka hata likipelekwa kwenye moto mkali zaidi. Hatua hii huenda polepole, kwa sababu mmenyuko wenyewe hutoa joto, na ukiharakishwa nyuzi huweza kuwaka.

Nyuzi hizo hupenda kunywea zinapopashwa moto, na siri kubwa ya teknolojia hii ni kuzikatalia. Roger Bacon wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, alishaonyesha mwaka 1958 kwamba vijiti vyembamba vya grafiti vinaweza kuwa na nguvu ya kustaajabisha, na Akio Shindo wa Osaka akaanza kutumia poliakrilonitrili muda mfupi baadaye. Ila ni watafiti wa Farnborough, Uingereza, akina William Watt, Leslie Phillips na William Johnson, waliobana nyuzi zikae zimenyooka ndani ya tanuri katika miaka ya 1960. Mnyororo usioruhusiwa kunywea hubaki umeelekea upande mmoja, na mwelekeo huo hauupotezi tena.

Tanuri la pili halina oksijeni. Humo hupulizwa naitrojeni, na joto hupanda kupita nyuzi 1,000. Kinachofukuzwa hutoka kama maji, amonia, naitrojeni na haidrojeni sianidi, ambayo ni sumu kali inayolazimika kuteketezwa kabla ya kufika hewani. Mwishoni uzi umepoteza karibu nusu ya uzito uliokuwa nao mwanzo.

Hapa mtengenezaji hulazimika kuchagua. Akiishia nyuzijoto 1,500 hivi, hupata uzi wenye nguvu nyingi ya kuvutwa kabla ya kukatika. Akipandisha hadi karibu 3,000, matabaka hunyooka zaidi na uzi huwa mkakamavu, haurefuki kirahisi, lakini hukatika mapema. Nguvu na ukakamavu ni sifa mbili tofauti, na katika uzi huu kukithirisha moja ni kuipunguza nyingine. Matangazo huzichanganya kila siku.

Uzi haufanyi kazi peke yake

Hakuna anayepanda uzi wala kuujengea ndege. Nyuzi hukusanywa kwa maelfu, zikafumwa au kulazwa sambamba, kisha zikalowekwa katika resini, aghalabu epoksi, inayoganda na kuzishika pamoja. Ni kama nondo ndani ya zege: nondo hubeba mvuto, na zege huishika mahali pake. Kinachoitwa kaboni katika ndege, baiskeli au gari ni bamba la mchanganyiko huo, na hapo wanaosema kuna plastiki ndani yake hawajakosea.

Hesabu yake inastahili kufuatwa taratibu. Uzi wa daraja la T300, ambao kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuuzalisha mwaka 1971, hukatika unapovutwa kwa megapaskali 3,500 hivi. Chuma cha kawaida cha ujenzi hukatika kati ya 400 na 500. Hapo ndipo inapozaliwa ile kauli ya “mara saba”. Kwa uzito, sentimita moja ya ujazo ya uzi huo ina gramu 1.76, wakati ya chuma ina 7.85. Mpaka hapa washabiki wameshinda.

Sasa tia resini. Bamba lenye asilimia 60 ya nyuzi kwa ujazo, zote zikielekea upande mmoja, hubeba megapaskali 1,500 na ushee katika upande huo. Livute bamba hilohilo kwa kukingama na nyuzi, nalo litapasuka kwa megapaskali 50 hivi, kwa kuwa sasa unaivuta resini. Ili kuziba udhaifu huo mhandisi hupanga matabaka kwa pembe mbalimbali: sifuri, 45, 90. Bamba lililosawazishwa pande zote hufikia megapaskali 500 au 600, na ukakamavu wake hushuka hadi gigapaskali 50 hivi. Alumini ina 70, chuma 200. Ukigawanya ukakamavu wa kila kimoja kwa uzito wake, vyote vitatu vinakaribiana sana.

Matokeo hayo huwashangaza wengi, lakini ndiyo kiini cha jambo. Faida kubwa ya nyuzi za kaboni humwendea anayejua mzigo wake utatoka upande gani na akalaza nyuzi kuufuata. Asiyejua, akasawazisha pande zote kwa tahadhari, atalipa pesa nyingi apate kitu kinachokaribiana na alumini kwa ukakamavu, ingawa nguvu yake kwa uzito bado itakuwa nzuri.

Hoja ya wanaoitetea

Bawa la ndege ni mfano mzuri wa mzigo unaojulikana. Hewa hulisukuma juu, bodi ya ndege huning'inia katikati, na wahandisi wanaweza kukokotoa mahali pa kulaza kila tabaka. Boeing 787 iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011 ina asilimia 50 ya vifaa mchanganyiko kwa uzito. Airbus A350 ina 53. Uzito unaopungua ni mafuta yasiyochomwa katika kila safari kwa miaka ishirini au zaidi, na hapo bei ya kifaa hujilipa.

Kuna faida nyingine ambazo abiria huzihisi bila kujua chanzo chake. Bodi ya kaboni haichoki kama alumini inapojazwa hewa na kupunguzwa maelfu ya mara, kwa hiyo 787 huweka shinikizo la ndani kama la mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 1,800, badala ya 2,400 uliozoeleka. Na kwa kuwa haipati kutu, hewa ya ndani inaweza kuachwa na unyevu zaidi.

Katika mbio za magari, timu ya McLaren iliingia mwaka 1981 na gari la MP4/1 lenye kiunzi cha kaboni, wengine wakidhani litageuka vumbi likigonga. Mwaka huohuo dereva wake John Watson aligonga vibaya kule Monza, akatoka mzima. Bamba hilo linapopondwa husagika hatua kwa hatua, na kila uzi unaokatika hula sehemu ya nguvu ya mgongano. Leo mashindano hayo hayafikiriki bila kaboni.

Hoja ya wanaoitilia shaka

Wenye shaka wana orodha ndefu, na si ya kubeza.

Mwanzo wake ni injini ya Rolls-Royce RB211. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni hiyo iliamua kutengeneza mapanga ya feni ya injini kwa nyuzi za kaboni. Mwaka 1970 yalipojaribiwa kwa kurushiwa mzoga wa ndege, kama inavyotokea kunguru anapoingia kwenye injini, yalisambaratika. Kampuni ikarudi kwenye titani, na Februari 1971 ikafilisika kwa gharama za mradi mzima wa injini hiyo. Pigo la ghafla kutoka ubavuni ndilo mzigo ambao nyuzi hazikupangiwa.

Titan ni udhaifu wa aina nyingine. Kwenye kina cha mita 3,800 kila sentimita ya mraba hubebeshwa karibu kilo 390 kutoka nje. Hapo nyuzi hazivutwi, zinaminywa. Uzi unaovutwa hujinyoosha wenyewe. Unaominywa hutafuta pa kupinda, na kinachouzuia ni resini peke yake. Palipo na kunyanzi au kishimo cha hewa, uzi hupinda, resini ya jirani hupasuka, na uzi unaofuata hukosa mhimili. Mwaka 2024 wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani walieleza kwamba vifaa vya ukuta wa Titan vilikuwa na makunyanzi na vinyweleo. Ilielezwa pia kwamba katika safari moja ya Julai 2022 ulisikika mlio mkubwa chombo kikipanda juu, na vipimo vya ukuta baada ya hapo vilibadilika. Chombo hicho hakikuwa na cheti cha taasisi yoyote huru ya ukaguzi, na kiliendelea kutumika. Kwa maoni yangu, kuilaumu kaboni pekee katika ajali hii ni kuwasamehe watu mapema mno, ingawa ni kweli kwamba waliokichagua kifaa hicho walikipeleka mahali kilipo dhaifu kuliko pote.

Halafu kuna jeraha lisiloonekana. Chuma kikigongwa hubonyea na jicho likaona. Bamba la kaboni likidondokewa na spana huweza kubaki linang'aa juu huku ndani matabaka yameachana. Ndiyo sababu mashirika ya ndege hulazimika kulikagua kwa ultrasaundi, jambo linalotaka mashine na watu waliofunzwa.

Hata urafiki wake na vifaa vingine una masharti. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa na kutu upesi. Kwa hiyo hutenganishwa kwa tabaka la kioo, au hutumiwa titani ambayo huvumiliana nayo. Joto nalo huleta ugomvi: nyuzi za kaboni karibu hazitanuki zinapopata joto, wakati rangi na wavu wa shaba unaotandazwa juu yake kukinga radi hutanuka. Tofauti ya aina hiyo ndiyo iliyokuwa nyuma ya mgogoro wa Qatar Airways na Airbus kuhusu rangi iliyopasuka na kubanduka kwenye ndege za A350, kesi iliyofika mahakamani London kabla ya pande hizo kupatana Februari 2023. Airbus ilishikilia wakati wote kwamba usalama haukuguswa.

Kuhusu moto, ushahidi umegawanyika. Julai 2013 betri ya kifaa cha kutuma ishara za dharura iliunguza sehemu ya juu ya bodi, karibu na mkia, ya 787 ya Ethiopian Airlines iliyoegeshwa Heathrow. Ndege ilitengenezwa ikarudi kazini Desemba mwaka huohuo, kwa hiyo dai kwamba bodi ya kaboni haikarabatiki si kweli. Januari 2, 2024, A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda na kuteketea yote, lakini watu wake wote 379 walitoka. Bodi ilistahimili moto kwa muda wa kutosha watu kukimbia. Baada ya hapo resini ikawaka kwa saa nyingi.

Mabano kuhusu viatu

Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1:59:40 mnamo Oktoba 12, 2019, wengi walikitaja kibao cha kaboni kilichomo kwenye soli yake kama springi inayomsukuma mkimbiaji. Mapema 2020 World Athletics ikaweka mipaka: unene wa soli usizidi milimita 40, na kibao kiwe kimoja. Hata hivyo watafiti waliokata vibao hivyo kwa msumeno na kuwapima wakimbiaji upya walikuta tofauti ndogo mno. Nguvu nyingi hurudishwa na sponji nyepesi iliyo chini ya mguu. Kibao husaidia zaidi kuishika soli isipinde ovyo. Hapa tena kaboni imepewa sifa, na safari hii lawama vilevile, kwa kazi ambayo si yake.

Bei, nishati na mabaki

Kilo moja ya nyuzi za daraja la viwandani huuzwa kwa dola za Marekani 15 hadi 30 hivi. Chuma cha kawaida huwa chini ya dola moja au kuizidi kidogo. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni malighafi na umeme wa matanuri, kwa kuwa kilo ya nyuzi hula nishati karibu mara kumi ya kilo ya chuma. Ndiyo sababu dunia hutengeneza nyuzi hizi kwa tani laki moja na ushee kwa mwaka, na chuma kwa zaidi ya tani bilioni 1.8.

BMW ilijaribu kuvunja ukuta huo. Gari lake la umeme, i3, lililotoka 2013, lilikuwa na chumba cha abiria cha kaboni, na nyuzi zake zilichomwa Moses Lake katika jimbo la Washington ili kutumia umeme rahisi wa maji. Uzalishaji ulikoma 2022, na kampuni haikurudia kujenga gari la kawaida kwa namna hiyo. Gari la mjini haliokoi nishati ya kutosha kurudisha gharama kama ndege iendayo masafa marefu.

Mwisho wa maisha yake nao una deni. Epoksi ikishaganda haiyeyuki tena. Mabamba ya zamani yanaweza kuchomwa katika tanuri lenye oksijeni kidogo ili nyuzi zibaki, lakini hutoka vipandevipande na mwelekeo wake umepotea, yaani kimepotea kilekile kilichozifanya ziwe ghali.

Mizani inavyolala

Ukipima hoja zote, watetezi wana haki mahali ambapo kitu kinasafiri sana, kila kilo ina bei, mzigo unajulikana, na kuna mkaguzi mwenye mashine. Ndege zinatimiza masharti yote hayo. Hata mapanga ya feni yaliyoiangusha Rolls-Royce yamerudi: injini ya GE90 iliingia kazini 1995 ikiwa na mapanga ya kaboni yaliyovishwa titani kwenye ukingo unaopokea pigo. Injini za 787 za Kenya Airways zina mapanga ya jamii hiyo, ilhali 787 ya Air Tanzania, yenye injini za Rolls-Royce, ina mapanga ya titani. Aina zote mbili zinaruka, kwa sababu wahandisi wa kila upande walijua wanabadilishana nini na nini.

Wenye shaka wana haki kwenye mgandamizo mkubwa unaorudiwarudiwa, kwenye mapigo yasiyotabirika, na popote ambapo hakuna atakayekagua. Chombo cha kwenda kina kirefu kina sababu njema ya kubaki na titani, kama ilivyo Alvin, chombo cha kuzamia cha Marekani.

Kwetu swali hili hugusa zaidi boti kuliko injini. Boti nyingi za kisasa za uvuvi na utalii za pwani ni za faiba, yaani nyuzi za kioo ndani ya resini, teknolojia ya ukoo mmoja na kaboni. Wapo wanaoshawishiwa kwamba kaboni ndiyo hatua inayofuata. Uzi wa kioo una theluthi moja tu ya ukakamavu wa uzi wa kaboni na ni mzito zaidi, lakini hurefuka karibu mara tatu kabla ya kukatika na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kaboni. Boti inayokwaruza matumbawe na kuvutwa mchangani inahitaji uvumilivu huo, pamoja na fundi wa jirani anayejua kuiziba. Mwenye boti ya kazi Lamu, Mafia au Pemba abaki na faiba yake ya kioo. Kaboni, kwa kazi hiyo, ni hasara.